Breki ya Diski ya Nyuma: Mbona Haishiki?

Wiki hii hakuna habari za hifadhidata wala za lugha za kuprogramu. Nimeiweka tarakilishi kando kidogo niandike kuhusu kitu chenye magurudumu mawili. Wale mnaofika hapa kwa ajili ya programu msiondoke, kwa sababu mbele kuna hesabu, na hesabu yenyewe inafanyika kwa mistari michache tu ya Python.

Chanzo cha haya yote ni kakangu mdogo. Yeye ni mtu wa bodaboda kule Murang'a, na miaka yote amekuwa akiendesha pikipiki yenye breki za dramu mbele na nyuma. Mwaka huu aliiuza, akaongeza akiba yake, akanunua nyingine iliyotumika, yenye diski pande zote mbili. Siku tatu baadaye akanipigia simu.

"Kaka, nimeuziwa kitu kibovu. Breki ya nyuma haishiki."

Nikamwuliza haishiki vipi. Akasema ile ya zamani ukiikanyaga inaingia mara moja na unaisikia mguuni. Hii mpya ni kama kukanyaga mkate. Unakanyaga, unakanyaga tena, na pikipiki inapunguza mwendo kana kwamba inafikiria kwanza. Fundi wa pale steji alikuwa ameshampa dawa: abadilishe masta silinda, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali ya mguu, aweke nyingine nene zaidi iliyotoka kwenye pikipiki tofauti. Fundi alimwahidi kwamba pedali ingekuwa ngumu kama jiwe.

Nilimwomba asibadilishe chochote mpaka nifike Jumamosi. Kakangu hubeba watu. Asubuhi ni watoto wa shule, mchana ni akina mama wanaotoka sokoni, na usiku mwingine ni mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Milima ya Murang'a mnaijua: mteremko, kona, daraja, halafu mlima mwingine. Kule breki si mjadala wa mafundi tu.

Niseme mapema ninachotaka kusema leo: kile mguu unachohisi na kile gurudumu linachofanya ni vitu viwili tofauti. Ukiitengeneza hisia badala ya breki, unaweza kupata pedali inayokufurahisha na pikipiki isiyosimama.

Kwa nini dramu huonekana kali

Ndani ya dramu kuna vipande viwili vya nusu duara, vile viatu vya breki. Ukikanyaga pedali vinapanuka na kusugua ukuta wa dramu. Kiatu kimoja kimekaa kwa namna ambayo gurudumu likizunguka linakivuta na kukikandamiza zaidi. Yaani breki inajiongezea nguvu yenyewe. Nguvu kidogo ya mguu inaleta kazi kubwa, na mguu unajiona shujaa.

Diski haina ukarimu huo. Pedi mbili zinaibana kutoka pande mbili, na nguvu ya kubana inafuata nguvu ya mguu wako tu. Ukikanyaga mara mbili zaidi, unapata mara mbili zaidi. Hakuna nyongeza. Kwa mtu aliyezoea dramu, hii inaonekana kama udhaifu. Ukweli ni kwamba diski inasema kweli na dramu inatia chumvi.

Diski ina faida zake. Inapoa haraka kwa sababu iko wazi kwenye upepo, na ikilowa maji hukauka upesi. Ndiyo maana Honda walipotoa CB750 mwaka 1969 wakiwa na diski mbele, wengine nao wakafuata. Lakini angalia kwamba hata pikipiki hiyo ilikuwa na dramu nyuma. Gurudumu la mbele ndilo lililohitaji msaada kwanza, na sababu yake tutaiona kwenye hesabu.

Pedali ngumu, breki dhaifu

Sasa turudi kwenye ile dawa ya fundi. Breki ya haidroliki ni mchezo wa maeneo. Mguu unasukuma pistoni ndogo ya masta silinda, mafuta yanapeleka shinikizo, na pistoni kubwa ya kalipa, kile kibano cha pedi, inasukumwa. Kadiri pistoni ya kalipa ilivyo kubwa kuliko ya masta, ndivyo nguvu inavyozidishwa.

Chukua mfano wa kalipa yenye pistoni ya milimita 32 na masta ya milimita 12.7. Gawanya 32 kwa 12.7, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Unapata takriban 6.3, maana yake nguvu inayofika kwenye masta inazidishwa zaidi ya mara sita. Sasa weka masta ya milimita 14. Hesabu ileile inatoa 5.2. Umepoteza karibu asilimia 18 ya nguvu.

Lakini mguu utahisi nini? Masta nene husukuma mafuta mengi kwa mwendo mfupi, kwa hiyo pedali inashuka kidogo tu kisha inagoma. Ngumu kama jiwe, sawasawa na alivyoahidi fundi. Kakangu angefurahi, angelipa, na angeondoka na breki dhaifu kuliko aliyokuja nayo.

Sisi tunaotengeneza programu tunaujua ugonjwa huu. Mtumiaji akibonyeza kitufe na asione jibu, hubonyeza mara tano. Dawa ya hapo ni kumwonyesha kinachoendelea. Kukifanya kitufe kiwe kigumu kubonyezwa hakumsaidii.

Tulichokikuta Jumamosi

Simdharau fundi. Pedali kweli ilikuwa laini kuliko inavyopaswa, na yeye ndiye aliyekubali kukaa nasi asubuhi nzima tukiifungua breki kipande kwa kipande. Tulikuta mambo matatu, na yeyote mwenye diski nyuma anaweza kuyakagua.

La kwanza, pini za kalipa zilikuwa zimekauka. Kalipa ya namna hii ina pistoni upande mmoja tu, kwa hiyo ni lazima iteleze kwenye pini zake ili pedi zote mbili zibane sawa. Ya nyuma inakaa kwenye matope na vumbi la gurudumu. Pini zikikwama, kalipa inajipinda badala ya kuteleza, na sehemu ya nguvu ya mguu inaishia kuipinda. Dalili yake ni pedi kuisha upande mmoja. Safisha pini, kisha zipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huifanya mipira ivimbe.

La pili, kulikuwa na hewa. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Tatizo la nyuma ni kwamba kalipa nyingine hufungwa kwa namna ambayo ile nati ya kutolea hewa haiko juu kabisa, na hewa, kama kawaida yake, inapanda juu na kukaa hapo. Unaweza kutoa hewa mchana kutwa na isitoke. Fundi aliifungua kalipa, akaweka kipande cha mbao katikati ya pedi ili pistoni isiruke nje, akaiinua mpaka nati ikawa juu. Vipovu vikatoka. Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi.

La tatu, mafuta yenyewe yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. DOT 3 huanzia 205 na kushuka hadi 140. Fikiria mteremko mrefu, abiria wawili nyuma, na mguu usiotoka kwenye pedali. Joto linapanda, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mpira wa breki, na mvuke unabanwa kama hewa. Pedali inazama mpaka chini bila kufanya kitu. Kwa hiyo badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili, na utumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Kuna na adui wa nne, ambaye hatukumkuta ila ninamwona kila mahali. Ni ile desturi ya kupaka cheni oili chafu ya injini, na ya kupuliza dizeli pikipiki inapooshwa ili ing'ae. Tone moja kwenye diski linatosha kuziharibu pedi, na pedi zikishanyonya mafuta hazirudi kuwa zilivyokuwa.

Tulipomaliza, pedali ilikuwa nzuri. Bado haikuwa kama dramu. Kakangu akaikanyaga, akanitazama. "Ni afadhali," akasema, "lakini bado inabembeleza."

Breki iliyofanywa dhaifu kwa makusudi

Inabembeleza kwa sababu imeundwa ibembeleze. Watengenezaji huweka nyuma diski ndogo na kalipa ya pistoni moja kwa sababu hawataki gurudumu la nyuma lijifunge kirahisi. Pikipiki ikifunga breki, uzito unakimbilia mbele. Kadiri unavyosimama kwa nguvu, ndivyo tairi la nyuma linavyokuwa jepesi, na tairi jepesi halina cha kushikia barabara.

Usiku ule nikaandika programu fupi. Nilidhani magurudumu yameachana kwa mita 1.3, kitovu cha uzito kiko sentimita 62 juu ya ardhi, uzito umegawanyika nusu kwa nusu, na lami ni kavu yenye msuguano wa 0.8. Mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Nilihesabu umbali wa breki peke yake, bila muda wa dereva kushtuka. Majibu ni haya:

- Breki ya nyuma peke yake: mita 34
- Breki ya mbele peke yake: mita 15
- Zote mbili, zikitumika vizuri kabisa: mita 12

Kisha nikapakia abiria. Uzito wa nyuma nikaufanya asilimia 62, na kitovu cha uzito nikakipandisha hadi sentimita 70:

- Nyuma peke yake: mita 28
- Mbele peke yake: mita 18
- Zote mbili: mita 12

Hizi ni namba za karatasi, na barabara haisomi karatasi. Abiria pia huzipa breki mzigo na joto zaidi, jambo ambalo hesabu hii hailioni. Lakini zinaonyesha mambo mawili. Abiria anaipa breki ya nyuma kazi ya maana zaidi, kwa hiyo watu wa bodaboda hawakuipenda bure. Hata hivyo anayeitegemea peke yake anahitaji zaidi ya mara mbili ya nafasi. Kati ya mita 12 na mita 28 kuna mtoto anayevuka barabara.

Na ongeza muda wa kushtuka. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ni mita 14 kabla breki yoyote haijaguswa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1981 nchini Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliochunguza takriban ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Waligundua kwamba waendeshaji wengi walikanyaga ya nyuma mpaka ikateleza, na ya mbele wakaitumia pungufu. Tena wengi walikuwa na chini ya sekunde mbili za kujiokoa. Katika sekunde mbili mtu hafikirii, hufanya alichozoea.

"Ya mbele itanirusha"

Jumapili asubuhi tulikwenda kwenye kipande cha lami kilichonyooka, wakati hakuna magari. Nikaweka jiwe pa kuanzia kufunga breki, na kila aliposimama nikaweka jiwe jingine. Kwanza nyuma tu. Jiwe likaenda mbali, na gurudumu likaandika mstari mweusi.

Nikamwambia sasa atumie zote mbili. Akakataa. "Nilifundishwa breki ya mkono itanirusha kama gunia."

Hofu hiyo ina msingi, na anayeicheka hajawahi kuanguka. Ukiikamata breki ya mbele kwa pupa, gurudumu linajifunga kabla uzito haujafika juu yake, na gurudumu la mbele likiteleza muda wa kujiokoa ni mfupi mno. Kwenye kona, kwenye changarawe, au kwenye udongo mwekundu uliolowa, ni hivyohivyo. Kosa liko kwenye kukamata ghafla. Breki yenyewe haina kosa. Ile ya mbele hukamuliwa, kama unavyokamua chungwa: taratibu mwanzoni, uzito uhamie mbele, kisha unaongeza.

Hapa ndipo siri ya mguu ilipo. Unaanza kwa kugusa ya nyuma kidogo, pikipiki inatulia na kukaa chini. Mkono unafuata na kuanza kukamua. Mkono unavyoongeza, mguu lazima upunguze, kwa sababu tairi la nyuma linazidi kuwa jepesi. Katika hesabu yangu, dereva akiwa peke yake na akifunga kwa nguvu zote, nyuma hubaki asilimia 12 tu ya uzito. Mkanyago uliokuwa sawa nusu sekunde iliyopita sasa unalifunga gurudumu. Breki ya nyuma inayojibu kwa upole inakupa nafasi ya kupunguza. Breki inayoingia kwa kishindo haikupi. Ile "kubembeleza" aliyoilalamikia kakangu ndiyo hasa anayoihitaji.

Na mguu ni kifaa kizito. Vidole vya mkono vinaweza kushika yai. Mguu uko ndani ya gambuti msimu wa mvua, na unasukumwa na misuli iliyozoea kupanda milima. Ndiyo maana urefu wa pedali ni muhimu. Rekebisha pedali ikae chini kidogo ya kidole chako, ili uikanyage kwa kuinamisha kifundo cha mguu tu bila kuinua goti. Ikiwa juu mno, utaenda ukiigusa bila kujua, diski ipate moto bure. Inua gurudumu la nyuma, uweke gia huru, ulizungushe kwa mkono. Likizunguka kwa uzito, kuna kinachobana.

Alirudia mara nyingi, akianza na mwendo wa mtu anayekimbia. Kufikia saa nne, jiwe la breki zote mbili lilikuwa limefika karibu nusu ya umbali wa lile la kwanza. Alishuka akaenda kuyatazama mawe yote mawili kwa muda mrefu, bila kusema kitu.

Lini utumie ya nyuma zaidi

Breki ya nyuma haijaja kupamba. Kwenye foleni, kwenye matuta, na unapogeuza pikipiki mahali pembamba, ndiyo rafiki yako, maana haivuti usukani. Kwenye changarawe na matope msuguano ni mdogo, uzito hauhami sana, na ya nyuma inabeba sehemu kubwa zaidi ya kazi. Nikiweka msuguano wa 0.4 kwenye programu, nyuma hubaki karibu theluthi moja ya uzito. Hapo mguu unaongoza na mkono unasaidia kwa vidole viwili.

Kwenye mteremko mrefu, teremka kwa gia ya chini uiache injini ishike. Breki ziguse kisha uziachie zipoe. Na gurudumu la nyuma likijifunga huku pikipiki imenyooka, legeza mguu polepole. Ikiwa nyuma imeshatoka pembeni sana ukiwa kwenye kasi, usiachie ghafla, kwa sababu tairi likishika tena linaweza kukurusha upande wa pili.

Kuna atakayesema teknolojia itatuokoa. BMW waliweka ABS kwenye pikipiki ya K100 mwaka 1988. Umoja wa Ulaya ukaidai kwa modeli mpya zinazozidi cc 125 mwaka 2016, na India ikafanya hivyo kwa pikipiki zote mpya za kiwango hicho mwaka 2019. Ni jambo jema. Lakini ukinunua, uliza ni ya njia ngapi. Nyingi za bei nafuu zina ABS ya njia moja, inayolinda gurudumu la mbele tu. La nyuma bado liko chini ya gambuti lako.

Kakangu ameamua kubaki na masta silinda ileile. Anasema kila Jumatatu, kabla abiria wa kwanza hajapanda, hutafuta mahali pasipo na watu akafunga breki mara tano, mkono na mguu. Vijana wawili wa steji yake wamemwomba awaonyeshe. Fundi naye siku hizi anauliza swali moja kabla ya kushika spana: pikipiki inasimama wapi? Pedali ngumu au laini anaiuliza baadaye.

Nawe ukipata nafasi, tafuta mawe mawili na barabara tupu. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu. Mpaka hapo, endesheni salama.